Adhabu Aliyoichagua Shangazi

Kila nikipita Barabara ya Biashara nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani, humuona shangazi yangu amesimama peke yake mbele ya umati.

Nilikuwa mdogo, nimeng'ang'ania buibui lake. Kijana wa mtaani alikuwa amevunja mlango wetu akaiba cherehani iliyotulisha sote, na watu wakamkamata kwenye kichochoro cha barabara hiyo. Alikuwa chini, damu zikimtoka puani, cherehani kando yake. Walishaokota mawe.

"Bi mkubwa, hebu jitenge," alisema muuza leso mmoja. "Mwizi lazima aonje uchungu aliokuonjesha."

"Na wenziwe washike adabu!" akadakia mwengine.

Shangazi hakujitenga. Alisogea mpaka buibui lake likamfunika yule kijana miguu. "Aloibiwa ni mimi," alisema. "Mkimuua, mlango wangu atautengeneza nani? Maiti hajuti, wala halipi. Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

Hakuna aliyethubutu. Nilisikia jiwe moja likianguka, kisha mengine.

"Inuka, mwanangu," alimwambia. "Ibebe cherehani uirudishe ulipoitoa."

Akaibeba kichwani huku akilia, tukaingia Mji wa Kale, shangazi ametangulia kama bibi harusi. Wanawake madirishani wakapiga vigelegele, nami nikapiga changu mpaka koo likaniwasha.

Kabla ya magharibi mlango wetu ulikuwa umesimama tena, na aliyeusimamisha alikuwa hai.