Hakuna Muntu Alinisaidia

Mimi ndiye ushuhuda wa mama yangu. Si utani. Tangu nikiwa mtoto mpaka leo nina watoto wangu mwenyewe, kiongozi wa ibada akiuliza nani ana ushuhuda, mama anainuka, ananivuta mkono, nami nasimama mbele ya kanisa kama kuku wa kuuzwa.

Kisa chenyewe kanisa zima linakijua kwa moyo. Kipindupindu kilinikamata asubuhi, kufika adhuhuri nilikuwa nimelegea. Wenye pikipiki walikataa kunipakia, wakiogopa nitawachafua. Ndugu walijificha. Mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa matope matupu. Hapo mama hushusha sauti na kushika maikrofoni kwa mikono miwili: "Hakuna muntu alinisaidia. Hakuna! Mungu peke yake njo alibeba mutoto wangu mpaka hospitali." Kisha huchomoa kwenye mfuko kanga ya njano, imechakaa, na kuipepea juu. "Na hii njo nguo Mungu alimufunikia!" Aleluya hizo, utadhani bati litang'oka. Mimi nageuka wanione mbele na nyuma.

Na mimi nilikuwa na kipande changu cha kuongezea. Nilikuwa nasema nilipokuwa nakufa niliona mwanga wa njano umenizunguka pande zote. Nilikisema tangu utotoni, na nilikiamini kabisa.

Kanisa letu lina spika mbili. Moja iko ndani. Ya pili imefungwa juu ya paa, inatazama mtaa wa chini kando ya ziwa, ili wasioamini nao wasikie. Mtaa huo ndiko alikokaa mama mmoja Mwislamu, mjane, muuza vitumbua, wa zile familia ambazo babu zao waliletwa huku na biashara ya ziwa. Zamani, kabla sisi hatujahamia juu, tulikuwa naye ukuta kwa ukuta. Baada ya kuhama tulimjua kwa salamu na kwa vitumbua vyake.

Basi ziwa likapanda. Sisi wa juu tuliangalia tu. Kwa yule mama maji yaliingia mlangoni, yakaingia chumbani, yakashika kitanda. Mwanawe yuko Kigoma, na haikujulikana atapata boti lini. Akapanda mpaka kwetu, viatu mkononi, akamwomba mama ampe chumba kimoja mpaka kijana aje. Chumba tunacho. Mama anakiita chumba cha maombi. Ndani mna mkeka na kiti, basi.

Mama alimpa chai, akamwambia atalipeleka jambo hilo mbele za Mungu. Na alifunga na kuomba kweli, simsingizii. Halafu akashuka mwenyewe kumpelekea jibu. Aliporudi akanisimulia alivyomwambia: "Mama, niliomba. Moyo wangu haukupata amani."

Sahani niliyokuwa naosha ilinitoka mkononi.

"Amani ya nini, mama? Muntu analala ndani ya maji!"

"Usinipigie kelele. Kile ni chumba ya Mungu. Yeye anasali dini ingine."

Alisema kwa upole kabisa, macho yamelowa machozi ya kweli. Nilimtazama nisimjue. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nikaacha vyombo, nikashuka kwa mwenye shida. Nilikunja kitenge, nikaingia majini, tukaanza kutoa vitu: sufuria, godoro, chuma chake cha vitumbua. Mwisho tukainua sanduku. Lilikuwa limelowa, akalifungua atazame kilichopona, na juu kabisa ilikuwapo kanga ya njano. Maua yaleyale, pindo lilelile jekundu. Mama weee!

"Hii kanga ulitoa wapi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Kanga inauzwa doti, mwanangu. Vipande viwili. Kingine si mama yako anacho? Kila Jumapili nasikia anakisema kwa spika."

Nikamwomba anieleze. Akaeleza huku anakamua nguo, bila kupamba. Siku ile alimsikia mama analia upande wa pili wa ukuta, akaingia, akanifunga mgongoni kwa kipande kimoja, akanifunika uso na hicho kingine kwa ajili ya mvua, akakimbia kwenye matope mpaka hospitali. Kipande kimoja akakiacha nimelalia.

"Na mama?"

"Alikuwa nyuma, anaomba kwa nguvu. Aliomba kweli, siwezi kusema uongo."

"Na miaka yote hii unasikia spika inasema hakuna muntu? Mbona ulinyamaza?"

"Niseme kwa nani? Mwanzo iliniuma sana. Nilikuwa nafunga dirisha. Halafu nikazoea, lakini kuzoea si kupona."

Nilichukua ile kanga nikajifunika uso, palepale majini, jua linawaka. Kila kitu kikawa njano. Huo ndio mwanga wangu. Yesu wangu! Yule mama akadhani nimeshikwa na homa.

Nilipanda nyumbani na ile kanga, nadondosha maji. Nikatoa kipande cha mama kwenye mfuko wake wa ibada, nikaviweka viwili mezani, ubavu kwa ubavu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kumbe sikuwa nimejiandaa kwa lililokuja. Mama alivipapasa, akakaa kitini, akasema polepole:

"Nakumbuka mugongo. Nilikuwa nyuma, nikaona mugongo inakimbia mbele yangu, na weye uko juu. Nikasema, huyu ni malaika."

"Mama! Ni jirani yako!"

"Nilisema ni malaika," akarudia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla. Hakuwa amedanganya kanisa hata siku moja. Alikuwa amejidanganya mwenyewe, akaupigia uongo huo makofi, na sisi sote tukaitikia amina.

"Basi malaika wako yuko ndani ya maji," nikamwambia, nikapiga paja langu. "Maji imefika hapa."

Alichukua ufunguo wa chumba cha maombi, akashuka mtaa wa chini bila kujifunga kilemba, yeye ambaye hata dukani haendi kichwa wazi. Nikamfuata mbio. Tulimkuta yule mama kando ya njia, watu wa msikiti wake wanapakia mizigo kwenye mkokoteni kumpeleka ng'ambo ya mto Lukuga. Mama akamnyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

"Mama, twende kwangu. Tafadhali. Nisamehe, twende."

Yule mama aliutazama ufunguo, asiupokee.

"Na mimi niliomba, mama," akasema. "Moyo wangu haukupata amani."

Hakupandisha sauti. Akafunga kamba ya godoro, akaufuata mkokoteni wake.

Jumapili kiongozi akauliza nani ana ushuhuda. Watu wakageuka kwetu, wengine wameshaanza kupiga makofi. Mama akainuka. Safari hii hakunivuta mkono. Akaenda mbele, akashika maikrofoni kwa mikono miwili mpaka spika ikaanza kulia peke yake.

"Kulikuwa muntu," akasema. "Kulikuwa muntu alinisaidia. Mimi nilimufuta."

Hakuna aliyejua apige aleluya au anyamaze. Mama mmoja nyuma alisema amina, kisha akajuta. Mimi nilitazama dirishani, kule chini spika ya juu inakotazama. Nyumba ilikuwa tupu, maji yamefika dirishani, na kule ng'ambo alikohamia, sauti ya spika yetu haifiki.