Raketi Aliyoikataa Biubwa

Biubwa binti Pazi alikuwa mwanamke wa mwili. Mabega mapana, mikono mirefu, na akisimama mlangoni kwake pale Kisarawe, aliyeko ndani huona giza limeingia. Alitwanga na kupasua kuni bila kuhema, na majirani walimwita kila palipo na mzigo wa kunyanyua. Lakini mwili huohuo ndio aliouonea haya tangu usichana wake. Kwenye harusi alikaa ukutani, magoti ameyakunja, akijitahidi aonekane mdogo.

Mwaka wa hamsini na sita, Mwingereza akiwa bado yuko bomani, palikuwa na klabu ya akina mama iliyokutana Jumatano alasiri ukumbini. Walishona, walijifunza kusoma, walipika keki ambazo waume zao hawakuzitaka. Mwalimu wao, Bi Sikudhani, ndiye aliyewaletea bedmintoni. Alifunga wavu katikati ya ukumbi, akafunga na milango ili wanaume wasichungulie, akawapa raketi kuukuu alizookota kwa Wazungu. Wanawake wakauita mchezo wa vinyoya, kwa ajili ya kile kidude cha manyoya kinachopigwa badala ya mpira.

Walivua viatu, wakajifunga vibwebwe, na hapo Biubwa akajisahau. Kinyoya kikipaa, aliunyoosha mkono wake mrefu akakichapa, nacho kikashuka upande wa pili kama jiwe. Mwenzake uwanjani alikuwa wifi yake Mwanaamina, dada wa mumewe, mwanamke mfupi, mwepesi, aliyesimama karibu na wavu akividokoa vinyoya kwa kifundo cha mkono tu. Mmoja nyuma, mmoja mbele. Hakuna aliyewaweza.

Siku moja Biubwa alimchapia kinyoya Bi Swaumu, mke wa mwenye duka, kikampata kifuani. Bi Swaumu akaitupa raketi chini.

"Jamani, huyu si mwanamke mwenzetu, huyu dume! Mwacheni akapasue kuni za boma."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Biubwa naye akacheka, maana hakujua afanye nini na uso wake.

Neno halina mguu lakini lilifika sokoni, na kutoka sokoni likafika nyumbani. Jioni, Mwinyijuma mumewe akinawa mikono ale, akasema kwa utani, "Nasikia nimeoa dume." Hakukusudia ubaya. Ila walikuwa wameoana miaka mingi na nyumba haijapata mtoto. Biubwa aliliweka bakuli la mchuzi chini, akarudi jikoni, akakaa huko mpaka wali ukapoa.

Baada ya mfungo ukaja mwaliko: akina mama wa Kibaha na Mlandizi walitaka kucheza na klabu ya Kisarawe. Bi Sikudhani akashuka Dar es Salaam, akarudi na raketi mpya. Alizipanga juu ya mkeka, wanawake wakazizunguka kama nguo za Idi.

"Msichague kwa macho," aliwaambia. Akaichukua moja, akailaza shingo yake juu ya kidole. Kichwa kikainama. "Hii uzito wake uko kichwani. Inamfaa mtu wa nyuma, mwenye nguvu, anayechapa. Raketi yenyewe inamsaidia kuteremsha kinyoya." Akalaza nyingine, nayo ikainamia upande wa mpini. "Hii kichwa chake chepesi. Inageuka upesi, ni ya mtu wa mbele anayecheza kwa kifundo. Mtu wa mbele ukimpa ile nzito atachelewa, na mkono utamuuma. Na mtazame mpini. Ukiukamata, vidole visizame kwenye kiganja, wala visiachane mno."

Akamgeukia Biubwa. "Njoo ushike hii nzito. Nilipoiona dukani nilikukumbuka wewe."

Biubwa akaishika. Mpini ulijaa mkononi kama uliopimwa. Aliipunga mara moja, hewa ikavuma, na furaha ikampanda mpaka shingoni. Kisha akamsikia Bi Swaumu akikohoa nyuma yake, kikohozi kile cha mtu anayezuia kicheko.

Akairudisha mkekani. Akachukua ile nyepesi, yenye mpini mwembamba uliozungushiwa ngozi nyekundu.

"Mimi hii inanitosha," alisema, sauti ameilegeza. "Ile nzito mpe wifi. Itamwongezea nguvu."

"Wifi, una hakika?" Mwanaamina aliuliza. "Mkono wenyewe ndio huu, unauona."

"Utazoea."

Bi Sikudhani alimtazama Biubwa, kisha akaanza kugawa zilizobaki.

Wakafanya mazoezi. Biubwa alijifunza kucheza kwa madaha, akikisukuma kinyoya taratibu kama anayempungia mtoto upepo. Mpini mwembamba ulimzunguka kiganjani, vinyoya vikapaa bila nguvu, lakini hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo alilolitaka. Mbele yake Mwanaamina alihangaika. Kila kinyoya alikifikia kikiwa kimekwisha kumpita. Siku moja alikuja kifundo amekifunga kitambaa kinachonuka mafuta ya nazi. Biubwa alikiona kitambaa. Akajishughulisha na kukaza kibwebwe chake.

Na Mwanaamina alikuwa mjane. Watoto wake walikula kwa ukili aliousuka na mikeka aliyoishona kwa mkono huohuo.

Siku ya kwenda Kibaha walipanda lori, wakiimba njia nzima. Ukumbi wa huko ulijaa wanawake wa Mlandizi waliokuja na vigoma vyao. Biubwa na Mwanaamina walipoingia uwanjani, wenyeji wakagundua mapema kwamba yule wa mbele ana raketi inayomzidi, wakamwandama yeye. Biubwa aliona kila kitu kutoka nyuma. Angeweza kusema, "Wifi, tubadilishane." Maneno mawili tu. Hakuyasema. Mwanaamina akauzungusha mkono kwa nguvu zake zote, akatoa ukelele, raketi ikamtoka ikaserereka chini ya wavu. Alipokifungua kitambaa, kifundo kilikuwa kimevimba kama tunda.

Mchezo ukaishia hapo. Bi Swaumu akamjia juu Mwanaamina mbele ya wenyeji: "Mkono wa kuku huo! Umetutia aibu Kisarawe nzima."

Mwanaamina alimtazama wifi yake, akingoja atetewe. Biubwa akainama, akaanza kuokota vinyoya vilivyotapakaa sakafuni, kimoja kimoja, hata vile vilivyovunjika.

Kurudi, hakuna aliyeimba. Lori lilipotumbukia shimoni Mwanaamina alifumba macho, na Biubwa, aliyekaa ubavuni pake, aliona heri Mungu angempasulia ardhi aingie.

Alivumilia siku chache. Kisha akaenda nyumbani kwa wifi yake, akamkuta ameketi mbele ya miyaa ya kusukia iliyotiwa rangi, mkono wa kulia ameulaza mapajani. Mkeka wa bibi harusi mmoja ulikuwa umekomea nusu. Biubwa akakaa chini bila kukaribishwa.

"Wifi, ile raketi nilijua haikufai."

"Ulijua lini?"

"Nilipoishika tu. Ilikuwa yangu. Nilikusukumia wewe wasije wakanicheka tena."

Mwanaamina akauvuta mkeka upande wake kwa mkono mzima. "Nenda kwako. Leo sitaki msaada wako."

Biubwa akaenda, machozi yakimtoka njiani chini ya mikorosho, na kesho yake akarudi. Akafukuzwa. Akarudi tena. Mwishowe aliachiwa asuke, na vidole vyake vikubwa viliuharibu ukili hata watoto wakaona. Mwanaamina hakumsemesha ila kwa kazi: "Kaza hapo. Fumua, umekosea." Mkeka ulipokwisha, ndipo alipomwambia lililokuwa moyoni.

"Mimi nilichekwa mbele ya watu. Na wewe useme mbele ya watu."

Jumatano Biubwa alisimama ukumbini. Akaeleza yote: raketi aliyoikataa, kitambaa alichokiona, neno ambalo hakulisema Kibaha. Katikati alikwama, ikabidi aanze upya. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Bi Swaumu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na uzi haukuingia. Bi Sikudhani akamletea ile raketi nzito, akamtia mkononi.

Kifundo cha Mwanaamina kilipopona wakacheza tena pamoja, yeye mbele na ile nyepesi, Biubwa nyuma. Wageni wa Mlandizi walipokuja Kisarawe walirudi kwao wamefungwa, ingawa kwa taabu. Biubwa alichapa mpaka nyuzi zikakatika. Haya haikumwisha, macho yakimwelekea uso bado ulimwaka moto, ila mkono hakuuzuia.

Lakini kifundo hakikurudi kama kilivyokuwa. Masika yakiingia kilimuuma Mwanaamina, akashindwa kukamata hata kata ya maji. Basi asubuhi za mvua Biubwa alipita kwa wifi yake, akabeba mtungi, akaenda kisimani akarudi, akauweka mlangoni. Mwanaamina akisema, "Ahsante, wifi," naye aliitikia, na habari ya raketi hawakuizungumza tena.