Nafasi Imebaki Moja

Dobi alizilinganisha shule mbili za serikali za mtaani kwao kwa vidole. Vilikuwa vimepasuka kwa sabuni, lakini alivipitisha taratibu juu ya kila dawati, akitafuta misumari iliyochomoza. Kisha alinusa vyoo, akafungua bomba kuona kama lina maji. Shule ya bondeni watoto walikaa sakafuni, na mwalimu alipaza sauti hadi ikamkauka. Ile ya mlimani ilikuwa na madawati ya kutosha na vioo madirishani, basi akawapeleka binti zake pacha kwa mwalimu mkuu wa huko.

“Mama, nafasi imebaki moja,” mwalimu akasema. “Chagua.”

Dobi hakuwa mtu wa kupaza sauti. Sasa aliishusha zaidi. “Mwalimu wangu, hawa wamekaa tumbo moja.”

“Najua, mama. Darasa limejaa.”

Alifuta viganja kwenye gauni, ingawa vilikuwa vikavu. Ndipo akamsukuma mbele yule mwepesi wa kulia. “Huyu. Mwenzake ana moyo mgumu, atavumilia.”

Mwenzake alisikia. Njia nzima ya kuteremkia bondeni hakulia, na mama yake, aliyemshika mkono, hakuthubutu kumtazama usoni.