Mpiga Picha za Ubongo

Mpiga picha wa CT scan hospitalini kwetu hupasha viganja joto kabla ya kumgusa mgonjwa, kisha humtania ili atulie. Mama Mokami, muuza mitumba wa Sirari anayesumbuliwa na kichwa, aliiogopa mashine. "Lala, mama. Ukitikisika utatoka na sura ya jirani." Mama akacheka, akatulia.

Dawa ya kung'arisha mishipa aliyodungwa ilipopita mwilini, skrini ikaonyesha mishipa ya damu iliyojisokota ubongoni, ila haijapasuka. Mtani wetu akaacha utani. Akamwita daktari, na rufaa ya upasuaji Mwanza ikaandikwa palepale. Kisha akapiga magoti kumvalisha mama viatu. Mama Mokami akaitazama miguu yake: kiatu cha kulia kiko kushoto.

"Mwanangu," akasema, "sasa lala wewe, nikupige picha."