Dole Gumba la Mgeni

"Hakuna samaki kwenye mwamba huu asiyenijua kwa jina," Mapafu aliwahi kutamba mbele ya wageni, mkewe na bosi, na hakuna aliyemdai ushahidi. Ndiye aliyeongoza wapiga mbizi, na kifua chake kilikuwa kikifika mlangoni kabla yake.

Kisha shemeji yake, mjazaji wa mitungi ya hewa, akaja na habari: kuna samaki wa manjano, mdogo kama ngumi, anajifanya jiwe na anatembea kwa mapezi. Bosi, mama asiyecheka bure, akasema atakayemwonyesha mgeni mwenye kamera samaki huyo ndiye atakayeongoza.

Mapafu akaanza kunusa njama. Mbona shemeji alimwona Jumapili, siku isiyo na shahidi? Na mbona mkewe siku hizi anamsifu kaka yake mpaka chai inapoa?

"Samaki mwenye miguu," alimwambia shemeji wakivaa mitungi. "Kesho utaniletea mwenye viatu."

"Njoo uone mwenyewe, shem. Macho hayana pazia."

Huko chini shemeji akanyoosha kidole. Mapafu akakodoa: jiwe la manjano. Akasogea, akakodoa tena. Jiwe likapiga mwayo.

Mgeni, macho yamejaa miwani, akainua dole gumba kabla hajainua kamera. Nchi kavu hiyo ni "safi sana". Chini ya maji ni "tupande juu". Na Mapafu siku hiyo akawa mtu wa sheria kuliko jaji: akamshika mgeni mkono, akampandisha polepole, mgeni akipinga kwa mapovu.

Bosi alikuwa akisubiri kwenye boti.

"Nilimaanisha safi," mgeni alilalamika. "Hata picha sijapiga."

"Jana nilikufundisha, safi ni duara," Mapafu akajibu, akikunja vidole kumwonyesha.

Bosi akamgeukia. "Samaki ulimwona?"

"Niliona jiwe."

"Lilipopiga mwayo ulirudi kinyumenyume ukanikanyaga, shem," shemeji alisema taratibu.

"Mimi nimemwona," mgeni akaongeza, akimnyooshea Mapafu kidole. "Na huyu alimwona kabla yangu."

Bosi alimtazama Mapafu kama mtu anayekagua noti chakavu. "Ukificha samaki wa ngumi moja, nyangumi utamweka wapi? Kesho mbadilishane kazi."

Asubuhi Mapafu alikuwa nyuma ya duka, akihangaika na mtambo wa hewa. Mteja wa kwanza akauliza bei.

"Kujaza mtungi mmoja ni elfu kumi," Mapafu akajibu.