Kiungo Aliyeketi Kunyolewa

Kinyozi wangu wa Umbilo Road, Durban, alikuwa Mkongo, na Jumapili alicheza kiungo katika timu ya soka ya Wakongo wenzake. Msimu ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, wenzake walimtaka ahamie beki kwa sababu umri ulikuwa umesogea. Alikuwa hajawajibu, na ndani ya saluni utani ulikuwa umepungua.

Jumamosi moja aliingia mteja kutoka Australia, mtu wa makamo mwenye vidole vilivyopinda. Alikuja Durban kufundisha mpira wa kwao mashuleni, na nilikuwa nimesoma gazetini kwamba enzi zake hakukuwa na kiungo wa kumfikia. Kinyozi alijua Kiingereza cha bei na mtindo wa nywele tu. Mimi nilikuwa nimejifunza changu kwa magazeti, basi nikawa mkalimani.

Mgeni alieleza taratibu. Mpira wao una umbo la yai, huchezwa kwa mikono na kwa miguu. Refa huubamiza chini katikati ya uwanja ili udunde juu, wachezaji wawili warefu huurukia, na kiungo huwa chini yao. Kazi yake ni kujua utaangukia wapi kabla haujaanguka. Yeye aliifanya tangu ujana hadi magoti yalipokataa.

Kinyozi alizima mashine.

"Muulize, ye aliachaka kiungo lini?"

Nikauliza. Mgeni alijitazama kidogo kwenye kioo, kisha akasema maneno ambayo nilijitahidi nisiyapunguze:

"Siku moja niliona mpira utakapoangukia, kama kawaida yangu. Nikaenda. Nikamkuta kijana ameshauchukua. Nilibaki kiungo misimu miwili zaidi, kwa sababu klabu nzima hakuna aliyethubutu kuniambia."

Kinyozi alipangusa shingo ya mteja kwa brashi, ingawa hakuwa amemaliza.

"Mie bananiambia kila juma," alisema. "Bale batoto habana haya." Akacheka, akawasha mashine.

Siku ya pili yake nilikwenda kutazama mechi ya kinyozi. Alikuwa amesimama beki, soksi kavuta hadi magotini. Mwanzoni, kila mpira ulipokwenda katikati aliufuata, na pengo aliloliacha likawagharimu bao. Nahodha, kijana wa umri wa mwanawe, hakumfokea. Alimkaribia tu.

"Papa, nyuma."

"Niko narudia."

Akarudi akitembea, huku akimwonyesha kiungo mpya kwa mkono mahali pa kusimama.