Msanii na Ukurasa Mweupe

Mtaa mzima unamwita kaka yangu Msanii. Mabango yote ya hapa ni mkono wake: la muuza soda, la fundi viatu, la saluni, hata lile onyo la kukataza kumwaga taka nyuma ya ukuta. Hupiga mistari kwanza kwa rula na penseli, ndipo ashike brashi. Herufi zake hazipindi. Lakini kinyozi hajinyoi: sijawahi kumwona akichora kitu ambacho hakuna aliyemwagiza.

Mkewe, shemeji yangu, ni fundi cherehani. Majuzi alinunua daftari lisilo na mistari, akasema litakuwa daftari lake la picha. Ukurasa mweupe ukamtisha. Basi akachovya kitambaa kwenye mabaki ya rangi yaliyonata kwenye vifuniko vya makopo ya kaka, akaupaka ukurasa wote hovyohovyo.

"Ukishachafuka, shemeji, huogopi tena kuukosea," aliniambia.

Juu ya uchafu ule akabandika kipande cha kitambaa cha gauni alilolishona siku hiyo, akamchora mwenye gauni anavyotembea, na pembeni akaandika kilichomchekesha.

Jirani yetu msusi, mwenye saluni, alipokuja kuchukua nguo yake alilifunua lile daftari.

"Weee! Kumbe msanii wa nyumba hii ni wewe, dada? Huyu mwanamke namtaka ukutani kwangu!"

Kaka alikuwa mlangoni, brashi mkononi. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alinguruma.

"Mimi sigemi, baba watoto. Nashona," shemeji akamjibu.

Tangu siku ile kaka akawa anavigongomea vifuniko kwa nyundo. Eti rangi ni za kazi. Shemeji akahamia kwenye masizi na chai ya rangi, na kurasa zake zikazidi kupendeza. Kaka akawa anapita karibu na meza na shingo ndefu kama twiga, halafu anasonya.

Nilichemka. "Kaka, mabaki unayamwaga mtaroni, halafu unamnyima mkeo! Sanaa si kiti cha mtu mmoja!"

"Nyamaza, msomi," alisema, ila sauti ilikuwa imelegea. "Wakiacha kuniita Msanii, wataniita nani?"

Jumapili mchana akaja na daftari lake jipya. Akaketi, akapiga mistari, akafuta. Akapiga tena, akafuta, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Cherehani ikanyamaza.

"Lete kopo la buluu," shemeji alisema.

Kaka alilifungua kwa bisibisi. Shemeji akamtupia kitambaa. "Haya, chafua."

"Karatasi nzima? Daftari jipya hili!"

"Chafua, baba watoto."

Akachovya, akasita, akapaka juu ya mistari yake yote. Akavuta pumzi kama aliyetua gunia. Kisha jicho likamponyoka kuelekea daftari la mwenzake.

"Usiniangalizie," shemeji alisema.

"Nani anaangalizia? Hata buluu yenyewe ni yangu."

Kopo lilibaki wazi katikati yao. Bila kuinua kichwa, kaka akasema, "Yule mwanamke wa ukutani saluni mchore wewe. Ila herufi mtu asinigusie."